Sauti ya Mchezaji Kuwa Silaha: Mchezo wa The Legend of Zelda na Mkasa wa Kufasiriwa Kwake

Si desturi ya jarida la lugha kushughulika na michezo ya video, na huenda msomaji akastaajabu kuona jambo hili likijadiliwa mahali alipozoea kukuta habari za tenzi, lahaja na msamiati. Lakini mchezo wa video una maandishi yake, una kitabu chake cha maelezo, na una wafasiri wake. Zaidi ya hayo, ipo michezo kadhaa ambayo humtaka mchezaji atumie kinywa chake, wala si vidole peke yake. Hapo ndipo jambo linapoingia katika uwanja wetu. Sauti ya binadamu ndiyo mali ghafi ya lugha. Na chombo kinachoipokea sauti hiyo na kuigeuza kuwa pigo la vita, kimeifanyia jambo ambalo mwanalugha hana budi kulitazama.

Katika makala hii nakusudia kuhakiki mchezo mmoja hasa, nao ni The Legend of Zelda, uliotolewa Japani na kampuni ya Nintendo tarehe 21 Februari 1986, kisha ukapelekwa Marekani mwezi wa Agosti 1987. Waongozaji wake walikuwa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Hoja yangu ni hii: katika mchezo ule wa asili sauti ya mchezaji ilikuwa silaha kamili, yenye kanuni zake na gharama yake. Mchezo ulipovuka bahari, silaha iliondolewa lakini maneno yaliyoieleza yakabaki. Kosa lililozaliwa hapo si kosa la mchezo tu. Ni kosa la tafsiri, tena la aina ambayo sisi tunaofasiri kwa Kiswahili twaweza kulitenda kesho.

Tuanze na chombo chenyewe, maana pasipo kukijua chombo hatuwezi kuyahukumu maandishi. Mashine ya Family Computer ilianza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983. Ilikuwa na vidhibiti viwili vya mkononi, vilivyofungwa kwenye mashine kwa waya usiochomoka. Kidhibiti cha kwanza kilikuwa na vitufe viwili vya kati, vya kuanzisha na kuchagua. Cha pili hakikuwa navyo. Badala yake kilitiwa maikrofoni ndogo pamoja na kiserereko cha kuongeza na kupunguza sauti.

Hapa msamiati wetu unatupa jambo la kufikiri. Kwa Kiswahili twasema kipaza sauti, na twasema kinasa sauti. Cha kwanza huichukua sauti na kuikuza ili wengi waisikie. Cha pili huikamata na kuiweka. Maikrofoni ya Family Computer yafanya kazi ya kwanza waziwazi, kwani sauti iliyosemwa ndani yake husikika kutoka katika televisheni. Lakini kwa siri yafanya kazi nyingine, ambayo si kupaza wala si kunasa kwa maana ya kuweka. Humpasha habari mwendesha mchezo, yaani ile programu, kuwa pana sauti au hapana. Hilo tu. Programu haipewi neno, haipewi mahadhi, wala haijui kama aliyelia ni mtoto au mtu mzima. Huuliza swali moja lenye majibu mawili, ndiyo au la. Ukipiga ukelele, jibu ni ndiyo. Ukipuliza kama apulizaye chai ya moto, jibu ni ndiyo vilevile. Kwa hiyo tunaposema kwamba mchezo huu husikia, yafaa tukumbuke kuwa husikia kama asikiavyo mtu aliyelala, ambaye hajui lililosemwa bali ajua kuwa amegutushwa.

Sasa tuje kwenye mchezo. Shujaa wake ni kijana aitwaye Link, ambaye huzunguka katika nchi ya Hyrule na kuingia katika mapango 9 ya chini ya ardhi, yenye vyumba vingi mithili ya nyumba ya mchwa. Silaha zake ni za kawaida katika hadithi za mashujaa: upanga, upinde, baruti, na kigongo kirushwacho kikarudi mkononi. Kila silaha ina sheria yake. Upanga hauna gharama lakini hutaka mtu akaribie hatari. Baruti ina nguvu lakini huhesabiwa. Upinde hupatikana katika pango la kwanza, mshale hununuliwa dukani, na kila mara Link apigapo mshale mmoja hutoka rupia moja katika mfuko wake. Mtungaji ameipanga mizani hiyo kwa uangalifu: penye wepesi pana upungufu, na penye nguvu pana bei.

Katikati ya mizani hii akawekwa adui mmoja, zimwi lenye masikio makubwa, liitwalo Pols Voice. Zimwi hili hurukaruka chumbani bila mwendo unaotabirika, na upanga huliua kwa shida, baada ya mapigo mengi. Lakini katika mchezo wa Japani lilikuwa na udhaifu mmoja. Mchezaji akikichukua kidhibiti cha pili na kupiga kelele ndani ya maikrofoni, mazimwi ya namna hiyo yaliyomo chumbani hufa. Shambulio hili halina upande wala umbali, halitaki shabaha, halipunguzi rupia wala baruti. Kwa kipimo cha silaha nyingine zote za mchezo ule, ukelele ni silaha iliyopita kiasi.

Mhakiki wa haraka angeweza kusema kwamba hapo mtungaji amevunja mizani yake mwenyewe. Mimi sioni hivyo. Gharama ipo, ila imewekwa mahali pengine. Kwanza, ipo gharama ya maarifa: mchezo hauonyeshi alama yoyote juu ya kioo ya kumwambia mtu apige kelele, na asiyejua hatajua mpaka aambiwe au abahatishe. Pili, ipo gharama ya mkono: mchezo ni wa mtu mmoja, na kidhibiti cha pili aghalabu hulala sakafuni. Kukifikia, sharti mtu aachie kidogo kile cha kwanza huku adui wakimrukia, au amwite ndugu yake aliye karibu amsaidie. Tatu, ipo gharama ya haya. Mtu mwenye kubonyeza kitufe hufanya hivyo kimya, na walio nyumbani hawajui kama anashinda au anashindwa. Mtu mwenye kupiga kelele katika sebule ya watu amejitangaza. Rupia imeondolewa, na mahali pake pakawekwa aibu kidogo, ambayo kwa baadhi ya watu ni ghali kuliko rupia.

Liko jambo jingine la ndani zaidi, na sarufi yetu hulieleza vizuri kuliko sarufi nyingine nizijuazo. Mchezaji anapobonyeza kitufe na Link akautupa upanga, ni nani aliyepiga? Kwa Kiswahili twaweza kusema kwamba mchezaji amempigisha Link. Kauli ni ya kutendesha: mtu mmoja yuko nje, mwingine yuko ndani, na tendo hupita kwa wa ndani. Lakini mchezaji anapopiga ukelele na zimwi likafa, Link hakutenda lolote. Amesimama tu. Aliyetenda ni mchezaji, moja kwa moja, kwa kauli ya kutenda. Mahali hapo tu, pasipo mjumbe, mtu wa nje amelifikia zimwi la ndani kwa nguvu ya kifua chake mwenyewe. Silaha nyingine zote za Hyrule ni za Link. Hii moja ni ya mchezaji. Nadhani hili ndilo lililowafanya wengi waliolifumbua fumbo lile wasilisahau, ingawa zimwi lenyewe si adui mkubwa katika hadithi.

Haya yote yalikuwa Japani. Mwaka 1987 mchezo ulipelekwa Marekani kwa ajili ya mashine ya Nintendo Entertainment System. Mashine hii ni ndugu wa ile ya Japani kwa ndani, lakini umbo lake lilibadilishwa, na vidhibiti vyake viwili vilifanywa sawa. Maikrofoni haikuwamo. Basi silaha ya sauti haikuwezekana tena, na watengenezaji wakalifanyia zimwi dawa nyingine: mshale. Katika mchezo wa Marekani mshale mmoja hutosha kuliua Pols Voice. Kwa upande wa kanuni za kushambulia, badiliko lilifanywa sawasawa. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguliwa.

Kitabu cha maelezo, hata hivyo, hakikubadilishwa ipasavyo. Kilimweleza msomaji wa Kiingereza kwamba zimwi lile lenye masikio makubwa huchukia kelele, na ya kwamba huo ndio udhaifu wake. Tafsiri hii, kwa maneno, haina kosa. Kilichosemwa kwa Kijapani kimesemwa kwa Kiingereza. Mtahini wa lugha angeipa alama zote. Na bado ni tafsiri ya uongo, kwa kuwa jambo inalolieleza halimo katika kitu kinachoelezwa. Msomaji anaambiwa apige kelele mbele ya mashine isiyo na masikio.

Shida haikuishia hapo, kwa maana kitabu hichohicho kina zimwi jingine lichukialo sauti, nalo ni Digdogger. Huyu kweli hushindwa kwa sauti katika matoleo yote mawili: Link akipuliza filimbi, Digdogger husinyaa na kuweza kuuawa. Filimbi hii hupatikana katika pango la 5; Digdogger hukaa katika pango la 5; na mazimwi ya Pols Voice yamo vilevile katika pango la 5. Tumweke msomaji wa Marekani mahali hapo. Ameambiwa kuwa viumbe wawili huchukia sauti. Ameokota filimbi. Ameipuliza, na mmoja amedhoofika. Ni kosa gani akiipuliza mbele ya wa pili? Hoja yake ni safi kwa kila kanuni ya mantiki. Lakini filimbi haimfanyi Pols Voice chochote. Tena filimbi hiyo katika mchezo imeandikwa jina la Recorder, neno ambalo kwa Kiingereza ni la aina ya filimbi na pia ni la kinasa sauti. Hivyo hata jina la chombo lilielekea kumvuta msomaji kwenye njia isiyofika.

Na jina la zimwi lenyewe lina mkasa wake. Hata katika Kijapani, sehemu ya pili ya jina hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya sauti, lililovikwa matamshi ya Kijapani. Kwa mtoto wa Osaka dalili ile ilikuwa imefichwa nusu. Ilimpasa ajue kidogo lugha ya kigeni ili aione. Kwa mtoto wa Chicago dalili ilikuwa wazi, kwa lugha ya mama yake. Yaani jina lilipata kueleweka kwa ukamilifu wakati uleule na mahali palepale ambapo maana yake ilikuwa imekwisha kufa. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kuonyesha kwamba uwazi wa maneno si dhamana ya ukweli wa maneno.

Wapo watakaoutetea uhariri ule. Utetezi wa kwanza ni kwamba mchezo mzima umejaa mafumbo, ya kuchoma vichaka na kubomoa kuta ili kupata njia, na kwamba fumbo moja la ziada halikumdhuru mtu. Huenda lilimwongezea mchezaji raha ya kutafuta. Nalijibu hili kwa desturi ya kwetu. Atoaye kitendawili hutega, na wenziwe wakishindwa hudai mji. Akipewa mji, sharti alitoe jibu. Haki ya kudai mji hutokana na jibu alilo nalo mkononi. Mtu akitega kitendawili ambacho hata yeye hana jibu lake, huyo hakutega. Amewadanganya wenziwe, na mji alioupewa ni wa dhuluma. Mafumbo mengine ya Hyrule yana majibu. Hili lilikuwa na jibu Japani, na jibu likaachwa bandarini.

Utetezi wa pili una uzito zaidi. Watasema kwamba mshale ni shambulio bora kuliko ukelele: humtaka mchezaji awe na upinde, awe na rupia, alenge, basi mchezo wa Marekani, kwa bahati, ulipata mizani nzuri kuliko ule wa asili. Nakubali nusu ya hoja hii. Mchezaji aliyeingia chumbani bila rupia hujuta kwa haki, na majuto ya haki ni sehemu ya mchezo mwema. Lakini mshale umelifanya zimwi lile kuwa adui kama maadui wengine, la kupigwa kwa silaha iliyomo tayari katika mfuko wa Link. Masikio yake makubwa yamebaki kuwa pambo. Katika toleo la asili umbo la kiumbe, jina lake na mauti yake vilikuwa kitu kimoja: masikio yaliahidi, na sauti ikatimiza. Katika toleo la pili umbo lasema hivi, kitabu chasema hivi, na mkono watenda vingine. Mizani imepatikana, lakini umoja umepotea. Nami kama mhakiki nauthamini umoja kuliko mizani.

Ili nisionekane kudai jambo lisilowezekana, nitaje mfano wa pili wa mwaka uleule 1986. Mchezo ujulikanao kwa Kiingereza kama Kid Icarus, katika toleo lake la Japani, ulimruhusu mchezaji kubishana bei na mwenye duka kwa kusema ndani ya maikrofoni. Ulipopelekwa nje, kubishana huko kulihamishiwa kwenye vitufe viwili vya kidhibiti cha pili. Sauti imepotea, na kila ajuaye soko ajua kwamba kupatana bei kwa kubonyeza si kupatana bei. Lakini angalau tendo limebaki na maana yake, na limebaki katika mkono uleule wa pili. Waliofanya hivyo waliuliza: sauti ilikuwa ikifanya kazi gani hapa? Kisha wakatafuta kitu cha kuifanya kazi hiyo. Katika kitabu cha Zelda swali hilo halikuulizwa.

Wala tusidhani kwamba mkasa huu ni wa wageni peke yao. Mwaka 1993 Nintendo ilitoa Japani umbo jipya la Family Computer, na vidhibiti vyake havikuwa na maikrofoni. Kuanzia hapo hata Mjapani mwenye mashine mpya na mchezo wa zamani alikutana na maandishi yaliyobaki bila chombo. Hali hii si ngeni kwetu. Tunazo hati za tenzi ambazo maneno yake tumeyahifadhi na mahadhi yake yamekwisha pamoja na walioziimba. Twazisoma, twazichapa, twazifasiri. Lakini ajuaye jinsi utenzi ulivyoghaniwa hujua kuwa karatasi imeshika sehemu tu ya kazi. Mchezo wa video, kinyume na wengi wanavyodhani, huzeeka kwa njia hiyohiyo: si programu inayokufa kwanza, bali ni chombo kilichoipa programu maana.

Miaka 20 baada ya kitabu kile kuwadanganya Wamarekani, zimwi la masikio lilirudi na masikio yake yakafanya kazi. Mchezo wa Phantom Hourglass, uliotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Nintendo DS, ulikuwa na Pols Voice miongoni mwa maadui, na mashine ile ilikuwa na maikrofoni katika nchi zote ilimouzwa. Mchezaji akipiga kelele, zimwi huduwaa, na hapo upanga hupata nafasi. Katika mchezo huohuo mchezaji hupuliza mishumaa ikazimika, na hupaza sauti mbele ya fundi mmoja mwenye kuuza mtambo wake, na bei hushuka kwa kadiri ya ukubwa wa sauti.

Badiliko la kanuni lastahili kuangaliwa. Mwaka 1986 sauti iliua. Mwaka 2007 sauti huduwaza tu, na kuua kumerudishwa kwa Link. Tena sauti sasa haijibiwi kwa ndiyo au la peke yake. Hupimwa kiasi chake. Kwa upande wa mizani hili ni jambo la busara: mchezaji na Link wanashirikiana, mmoja akitisha na mwingine akikata, kama wawinda nguruwe ambao baadhi yao hupiga madebe na wengine hungoja na mikuki. Kauli ya kutenda na ya kutendesha zimekutana katika pigo moja. Lakini mashine ya mkononi hubebwa kwenye gari moshi na vyumba vya kungojea, mahali ambapo haya ya kupiga kelele ni kubwa maradufu. Gharama ile ya tatu niliyoitaja imepanda, huku faida ya silaha imepungua. Nikilinganisha, nasema toleo la 2007 limetungwa kwa ustadi zaidi, na la 1986 lilikuwa na ujasiri zaidi.

Hadi hapa tumezungumza juu ya sauti isiyo neno. Ipo michezo iliyokwenda mbali na kutaka neno lenyewe. Mwaka 2003 ulitolewa Japani mchezo ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Lifeline huko Marekani. Ndani yake mchezaji hamsogezi shujaa kwa vidole. Humwelekeza mwanamke aitwaye Rio kwa kumwambia la kufanya, hata katika mapigano humtajia kiungo cha adui cha kupigwa risasi. Wahakiki wengi walilalamika kwamba mashine haikumwelewa msemaji mara kwa mara. Hapo kanuni ya kushambulia imepata adui mpya, nayo ni kutosikizana: neno lisipotambuliwa, risasi haitoki. Mwaka 2008 mchezo wa vita wa EndWar ulipunguza shida hiyo kwa njia ambayo mwanasarufi ataipenda. Amri zake zilipangwa kwa utaratibu mmoja usiobadilika, nani atende, atende nini, na wapi au kwa nani. Lugha ikapunguzwa kuwa kiima, kiarifu na kikamilisho, na jeshi likatii.

Lakini tuone kilicholipwa. Ukelele wa mwaka 1986 haukumuuliza mtu kabila wala lugha. Mtoto wa Lamu, wa Lima au wa Osaka, na hata bubu mwenye pumzi, wote walikuwa sawa mbele ya zimwi. Mchezo unaosikia maneno humsikia tu yule ambaye maneno yake yamo katika orodha yake, tena kwa matamshi yaliyozoewa na mashine. Mwenye kutamka kwa lafudhi ya kwao hupigwa na adui si kwa sababu ya uzembe wa mkono, bali kwa sababu ya mahali alikozaliwa. Kwa hiyo kila hatua ya mashine kutoka kelele kwenda neno ni hatua ya maendeleo kwa wengine na ni mlango uliofungwa kwa wengine. Mchezo mmoja wa Waitalia, In Verbis Virtus wa mwaka 2015, ulitafuta njia ya kando: uganga wake hufanywa kwa kutamka maneno ya lugha iliyobuniwa, isiyo ya mtu yeyote. Hapo wote huanza wakiwa wageni. Nayaona hayo kuwa mawazo ya haki, ingawa haki yake ni ya kumnyima kila mtu lugha yake badala ya kumpa kila mtu lugha yake.

Mwisho, sauti imegeuzwa upande wa pili. Katika Alien: Isolation, mchezo wa mwaka 2014, mchezaji anaweza kuruhusu mashine isikilize chumba chake, na dude linalomwinda huweza kuvutwa na sauti halisi itokayo humo. Katika Lethal Company wa mwaka 2023, wapo mbwa wasio na macho ambao huwashambulia wachezaji kwa kuzifuata sauti zao wanapoongea wao kwa wao. Wachezaji wenyewe wakaongeza jambo: wamebuni nyongeza za kunasa sauti za wenzao na kuzitoa tena katika vinywa vya majitu. Hapo ndipo sauti imenaswa kweli, kwa maana kamili ya neno letu, na imekuwa silaha ya adui. Msomaji aliyelelewa kwa ngano hatastaajabu. Zimwi lililojifunza sauti ya mama ili watoto wafungue mlango ni la kale kuliko mashine zote nilizozitaja; na sheria yake ni ileile, ya kwamba sauti ya mtu ikitoka kinywani mwake haimo tena katika milki yake.

Nirudi kwenye kitabu kile cha mwaka 1987, maana hicho ndicho chenye funzo kwetu. Simu, mashine za benki, vyombo vya hospitali na programu za aina nyingi huletwa kwetu na maelezo yaliyoandikwa kwingine, nasi twaombwa tuyatie katika Kiswahili. Kazi hii mara nyingi hufanywa na mtu aliyepewa orodha ya maneno bila kupewa chombo. Akikutana na sentensi isemayo kwamba kitu hiki hufanya hivi, huifasiri kwa uaminifu; na kama kitu kilicholetwa Afrika Mashariki hakifanyi hivyo, uaminifu wake umezaa uongo kwa Kiswahili fasaha. Mchezaji wa Zelda alipoteza rupia chache na saa ya mchana. Mgonjwa au mkulima aweza kupoteza zaidi.

Basi napendekeza kanuni moja, nayo ni rahisi kuitaja na ngumu kuitimiza: mfasiri wa maelezo ya chombo asiweke kalamu chini kabla hajakishika chombo chenyewe, kile kitakachokuwa mikononi mwa msomaji wake, akafanya kwa mikono yake kila tendo alilolifasiri. Asipokipata chombo, aandike hivyo kwa aliyempa kazi, na adai apewe. Kama mhariri wa kitabu kile angalipiga ukelele mmoja tu mbele ya mashine yake, angalijua palepale kwamba sentensi aliyoiweka mezani haina masikio ya kuisikia.